Kumkataza Si Kumtunza

Nchini kwetu mwanamke akishika mimba, kila mtu hugeuka kuwa daktari. Jirani, wifi, kondakta wa basi, muuza nyanya sokoni, hata kijana ambaye hajaoa, wote wanajua anachopaswa kula, jinsi anavyopaswa kulala, na njia asiyopaswa kupita. Mashauri hayo hayana bei, na kitu kisicho na bei hutolewa ovyo. Katika insha hii nataka kusema juu ya shauri moja tu, lile la kumwambia mjamzito ashuke farasi. Nililisikia mimi mwenyewe, tena mara nyingi, na naamini ndani yake mna jambo linalowahusu wanawake wengi ambao hawajamgusa farasi maishani mwao.

Huenda msomaji akauliza: farasi hao wametoka wapi? Ni kweli kwamba Tanzania ina farasi wachache. Mbung'o ndiye aliyetunyima, kwa maana ugonjwa wa nagana anaoueneza huua farasi upesi. Lakini kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, kwenye baridi ambako mbung'o ni haba, mashamba kadhaa hufuga farasi, na watalii hulipa fedha nyingi ili wapande na kupita katikati ya twiga na punda milia. Kazi yangu kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa kuiongoza misafara hiyo: mimi mbele, wageni katikati, saisi mmoja nyuma. Wala asiseme mtu kwamba mwanamke juu ya farasi ni mambo ya Wazungu. Bibi Salme binti Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi alivyojifunza kupanda farasi angali mtoto.

Basi, mwaka 2010 nilipata mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Mara habari zilipoenea, yalikaa mabaraza manne kunijadili: baraza la nyumbani, baraza la wapandaji wenzangu, baraza la kliniki na baraza la ofisi. Hakuna hata moja lililonialika nikae nalo. Kila baraza lilitoa hukumu, na kila hukumu, kwa maoni yangu, ilikuwa na kasoro yake. Nitayachukua moja moja.

Nyumbani, mama mkwe wangu alinikalisha jikoni akaniambia, "Mwanangu, mimba si mtindi wa kutikiswa kwenye kibuyu." Nilimjibu, "Nimekusikia, mama," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu najua alisema kwa upendo. Lakini maneno yale, pamoja na uzuri wake, si kweli. Mtoto tumboni hatikisiki kama maziwa. Anaelea katika maji, maji yamo ndani ya mji wa mimba, na kwa miezi mitatu ya kwanza mji wa mimba wenyewe umejificha ndani ya mifupa ya nyonga, mahali ambapo hata mkunga hawezi kuupapasa kwa nje. Mwendo wa farasi wa polepole haung'oi mimba. Mimba nyingi zinazoharibika mapema huharibika kwa sababu mbegu za mtoto mwenyewe hazikuungana sawasawa tangu siku ya kwanza, na hapo hakuna alichofanya mama wala alichoacha kufanya.

Kwa nini nashikilia jambo hili? Kwa sababu uongo mdogo wa kabla ya msiba huwa mzigo mkubwa baada ya msiba. Palikuwa na dada mmoja pale kazini, mpishi wa wageni, ambaye hakuwahi kupanda farasi hata siku moja. Mimba yake ilitoka akiwa na wiki tisa. Siku tatu hazikupita, watu wakaanza kuulizana: alikuwa akila nini, alikuwa akiinama wapi, mbona alikuwa akipita karibu na banda, harufu ya farasi si nzuri. Yule dada aliomboleza mara mbili, kwanza mtoto, kisha jina lake. Kama asiyepanda alishtakiwa hivyo, aliyepanda angehukumiwaje? Anayemwambia mjamzito "ukipanda utaimwaga mimba" haoni kwamba anamwandalia hati ya mashtaka, ili ikitokea bahati mbaya ambayo huwapata wanawake wengi kila siku, hati iwe tayari, imebaki kutiwa sahihi.

Tena tazama jinsi woga wetu unavyochagua. Siku ya kliniki, watu wale wale walionilaani kwa farasi waliniitia pikipiki. Nilipakiwa nyuma ya kijana asiye na kofia, kwenye njia ya mawe na makorongo, na mama mkwe akanipungia mkono akiwa ametulia moyoni. Jirani yetu wa pili, mwenye mimba ya miezi saba, alipita kila asubuhi na ndoo ya lita 20 kichwani akipanda mteremko unaoteleza, nasi tulimwamkia tu na kumpisha. Kwa nini farasi ashtue na ndoo isishtue? Nadhani ni kwa sababu farasi anaonekana kama starehe, na mwanamke mwenye mimba akionekana amestarehe, watu huona lazima pawepo kosa. Akiteseka, wanaona ni kawaida.

Baraza la pili lilikuwa la wapandaji. Hao walikuja na hukumu ya kinyume: endelea tu, mwili umezoea. Nao walikuwa na mashahidi wao. Walinitajia Anky van Grunsven wa Uholanzi, aliyenyakua medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Athens mwezi Agosti 2004 akiwa mjamzito, na mtoto wake akazaliwa Novemba mwaka huo huo. Walinitajia Mary King wa Uingereza, ambaye mwaka 1995 alikwenda Italia kwenye mashindano ya Ulaya akiwa na mimba ya miezi mitano, akaruka vizuizi vya porini na kurudi na medali. Habari hizo ni za kweli, nami nawavulia kofia wanawake hao. Zinatuthibitishia kwamba mimba haimfanyi mwanamke kuwa yai.

Lakini mfano wa aliyefika salama haukuambii chochote kuhusu aliyeanguka. Mary King huyo huyo alivunjika shingo mwaka 2001. Wakati huo hakuwa na mimba, na hakuwa mashindanoni mbele ya ukuta wa magogo. Alikuwa akimfanyisha farasi mazoezi ya kawaida. Alipona na kurudi kwenye tandiko, lakini somo limebaki. Ikiwa bingwa wa miaka mingi huanguka siku ya kawaida, sisi wengine tusidanganyane kwa neno "nimezoea." Mazoea hupunguza kuanguka. Hayaondoi.

Mimi mwenyewe katika miaka ile kumi na mmoja nilianguka mara saba. Mara mbili kosa lilikuwa la mikono yangu. Mara tano halikuwa la mtu. Farasi ni mnyama wa kuliwa. Maumbile yamemfundisha kukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Ngiri akichomoka kwenye nyasi, au mfuko wa plastiki ukipeperuka kutoka kwenye mwiba, farasi mpole kuliko wote zizini huruka upande wa pili kabla hujavuta hatamu. Na kuna mashimo ya mhanga. Mhanga huchimba usiku akitafuta mchwa, na asubuhi shimo limefunikwa na nyasi. Farasi wa kilo 450 akitumbukiza mguu humo anapiga magoti, nawe unatangulia kwa kichwa kutoka kimo cha mita moja na nusu na zaidi. Hapo upole wa farasi na uhodari wa mpandaji havisaidii kitu.

Sasa tuseme wazi nini hutokea, kwa maana baraza la kwanza halikusema na baraza la pili halikutaka kusikia. Kufikia wiki ya 12 hivi mji wa mimba huanza kupanda juu ya mfupa wa kinena, ukatoka kwenye ngome yake. Kufikia wiki ya 20 umefika kitovuni, mbele kabisa, na hakuna mfupa unaoukinga. Ukuta wake hunyumbuka kama mpira, lakini kondo la nyuma lililojishikiza ndani yake halinyumbuki hivyo. Tumbo likipigwa kwa nguvu, ukuta hubonyea na kondo huweza kubanduka. Likibanduka, mtoto hukatiwa damu na hewa, na mama huvuja damu, wakati mwingine kwa ndani kabisa bila tone kuonekana. Ndiyo maana mjamzito mwenye mimba kubwa aliyeanguka hupelekwa hospitali hata kama hasikii maumivu, akae chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe. Na kama damu yake ni ya kundi lenye alama ya hasi, huenda akahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72. Zaidi ya hayo, mimba hulegeza viungo na kulisogeza tumbo mbele, hivyo mizani ya mwili ambayo mpandaji aliijenga kwa miaka hubadilika wiki hadi wiki.

Hatari, basi, ni kuanguka. Jambo hili ndilo nililotegemea kulisikia katika baraza la tatu, kliniki. Muuguzi aliandika kadi yangu, akapima uzito, akauliza kazi. Nilipomwambia, hakuinua macho. Alisema neno moja: "Acha." Hakuuliza ni farasi gani, ni njia gani, ni saa ngapi kutoka barabarani, wala kama kazi hiyo ndiyo inayonilisha. Foleni ilikuwa ndefu, najua, na yeye ni mmoja kwa wanawake arobaini. Lakini neno moja hilo lilikuwa na sababu nyuma yake, na sababu ndiyo niliyoihitaji.

Hata wataalamu wa nchi zilizoendelea hawasemi kwa sauti moja. Chuo cha madaktari wa uzazi cha Marekani kimeiweka kazi ya kupanda farasi kwenye orodha ya mambo ya kuepukwa wakati wa mimba, pamoja na kuteleza kwenye theluji. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inasema ifanywe kwa uangalifu tu. Wanapishana katika ukali, lakini sababu wanayoitoa ni ile ile: hatari ya kuanguka. Na sababu ina faida moja ambayo katazo halina. Katazo hukaa pale lilipowekwa, sababu husafiri. Mwanamke aliyeambiwa "acha farasi" atashuka farasi na kupanda pikipiki. Mwanamke aliyeambiwa "usianguke, kwa maana kondo laweza kubanduka" atafikiri juu ya farasi, na juu ya pikipiki, na juu ya ngazi ya kupandia dari, na juu ya ndoo kwenye mteremko wenye matope. Huyo wa pili amepewa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Mimi niliamua kushuka nilipofika wiki ya kumi. Nataka msomaji anielewe vizuri: sikushuka kwa sababu ya kibuyu cha mtindi, nilishuka kwa sababu ya mashimo ya mhanga. Njia zetu zilikuwa mwendo wa saa tatu kutoka barabara ya gari, na kutoka barabara hiyo hadi hospitali yenye chumba cha upasuaji ilikuwa saa nyingine na nusu. Nilijua kwamba nikianguka huko, hakuna atakayenifikisha kwa wakati. Mwanamke mwingine mwenye uwanja wa mchanga uliozungushiwa ua, farasi mzee anayemjua kama kidole chake, na hospitali robo saa kutoka hapo, huenda akapima mizani yake akaendelea wiki chache kuliko mimi. Sitamtupia jiwe. Ila namwomba asipime kwa medali za watu wengine, na asisubiri tumbo liwe kubwa ndipo aanze kupima.

Kuna watakaosema: mtoto aliye tumboni hana sauti, basi lazima mtu amsemee. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa ndiyo iliyonishusha. Lakini wanaoisema mara nyingi husahau nusu yake. Mtoto huyo anakula kupitia mama yake. Kodi ya chumba atakachozaliwa inalipwa na mama yake. Na ana baba pia. Mume wangu wakati ule alikuwa dereva wa lori, akipanda na kushuka milima usiku kucha kwenye barabara zilizojaa mizoga ya magari. Mtoto wetu alimhitaji baba aliye hai kama alivyomhitaji mama aliye hai. Nambieni, ni mzee gani, ni jirani gani, ni muuguzi gani aliyemwita mume wangu pembeni akamwambia aache lori kwa sababu mkewe ni mjamzito? Hakuna. Kazi yake iliitwa riziki. Yangu iliitwa mchezo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye baraza la nne, la ofisi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nilikwenda mwenyewe kumwambia mwajiri kwamba sitapanda tena mpaka nijifungue, na kwamba nipangiwe kazi nyingine. Alinisikiliza kwa uso wa huruma. Akasema wananionea huruma sana, kwa hiyo niende nyumbani nikapumzike, nitarudi mtoto akishakua kidogo. Niliuliza kuhusu mshahara. Akashangaa, kana kwamba nimeuliza swali lisilo la adabu. Ndugu msomaji, kupumzishwa bila mshahara kwa miezi sita kabla ya kuzaa ni kufukuzwa kwa sauti ya upole. Na wale wote walionipigia kelele nishuke, siku hiyo sikumwona hata mmoja.

Sheria yetu imeliona jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwanamke akiwa katika kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto wake, mwajiri ampe kazi nyingine inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Nililipeleka neno hilo ofisini. Nikaorodhesha kazi zilizokuwapo: kuwafundisha masaisi wapya, kupokea wageni na kumchagulia kila mmoja farasi wa kimo chake, kusimamia hesabu za chakula na dawa, kukagua matandiko, hatamu na vikuku kabla ya kila msafara. Kazi zote hizo hufanywa miguu ikiwa ardhini, na mbali na mateke ya nyuma ya farasi, kwa maana hata ardhini kuna hatari. Baada ya wiki mbili za kuzungushwa nilikubaliwa. Mshahara wangu wa msingi ulibaki. Posho ya kila msafara, ambayo ilikuwa karibu nusu ya kipato changu, ilikatwa, na bakshishi za wageni zikaenda kwa wengine. "Ikiwezekana" ni neno dogo, lakini ni dirisha ambalo waajiri wengi hupitia.

Tena mimi nilikuwa na barua ya ajira. Vipi vibarua wa mashamba ya maua wanaoinama kwenye harufu ya dawa? Vipi binti wa kazi za ndani anayepanda kiti kufuta madirisha? Vipi mama muuza samaki anayedandia gari la mizigo alfajiri? Hawa wote huambiwa na kila mpita njia, "Ungepumzika, mama." Hakuna anayemaliza sentensi kwa kusema wapumzike kwa fedha ya nani. Mwanamke wa namna hiyo hasikii shauri, anasikia kengele tu, na keshoye anarudi kwenye hatari ile ile, ila sasa ana hofu juu ya njaa.

Kwa hiyo shabaha ya maneno yangu si kuwarudisha wajawazito kwenye tandiko. Wengi watashuka, na watakuwa wamefanya vema. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kuona kwamba tukishamkataza tumeshamtunza. Mjamzito ana haki ya kuelezwa hatari yenyewe ni nini, inaanzia wapi na inaongezeka lini. Ana haki ya kupima mwenyewe njia yake, farasi wake na umbali wa hospitali yake, kwa sababu hakuna azijuaye kama yeye. Akishaamua kushuka, ana haki ya kukuta pametayarishwa mahali pa kusimama. Na msiba ukimpata pasipo kosa lake, ana haki ya kulia bila kuhojiwa.

Wewe uliye mama mkwe, mwambie mkweo unachoogopa, kisha umsaidie kubeba ndoo. Wewe mpandaji mwenzake, usimtajie mabingwa; chukua zamu yake ya porini na mgawane posho. Wewe muuguzi, ongeza sentensi moja tu baada ya neno "acha." Nawe mwajiri, kabla hujamwonea huruma, fungua daftari la mishahara uone kama jina lake bado limo.